Magoti Mawili ya Kulia

Saa nne asubuhi mifupa ya Refa ilikuwa imelazwa juu ya meza ya chumba cha vielelezo, kichwa upande wa dirisha, miguu upande wa mlango, kama mgeni aliyepewa kitanda kifupi. Koplo ndiye aliyeipanga. Aliipanga vizuri, isipokuwa mbavu, ambazo alizirundika kando kama kuni kwa sababu, alisema, mbavu zote zinafanana na yeye si Muumba.

Inspekta alivuta kiti akakaa. Kituo kizima kilimwita Sindano, ila mbele yake walimwita Afande. Goti lake la kushoto lilikuwa limemuuma tangu alfajiri. Alilinyoosha chini ya meza akafungua jalada.

"Saa nane jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka," Koplo alisema. "Likifika tu, Fundi anasomewa mauaji ya kaka yake. Halafu sisi tunakwenda kula."

"Wewe unawaza kula tu."

"Afande, tumbo hili sikuliokota. Nimelilea."

Jalada lilikuwa jembamba na lilieleweka hata na mtu mwenye usingizi. Refa alikuwa mchezesha mpira wa mtaani, mwenye filimbi shingoni hata siku za msiba. Jioni ya tarehe tatu mwezi wa tatu aliazima gari, akamgonga mwendesha baiskeli, akakimbia. Mwendesha baiskeli akafa. Polisi wakaanza kumsaka Refa, na Refa akapotea kama maji mchangani. Miezi tisa ikapita. Ndipo mafundi wa bomba wakachimba nyuma ya karakana ya viatu ya mdogo wake. Kwenye shimo la zamani la chokaa, ambamo marehemu baba yao alikuwa akilainishia ngozi, wakakuta mifupa ya mtu mzima, filimbi, na viatu viwili vimefungwa kamba. Ndani ya viatu mlikuwa na soksi za nailoni, na ndani ya soksi, miguu.

Mama yao alitoa maelezo na kuweka sahihi. Asubuhi ya tarehe nne mwezi wa tatu, Refa alitoka nyumbani na viatu hivyohivyo mguuni, akaenda karakana. Mama akapita pale baadaye, akawasikia ndugu wawili wakigombana. Hakumwona tena mwanawe mkubwa. Fundi alipoonyeshwa viatu alilia, akasema ni vya kaka, maana soli ya ndani ya kiatu cha kushoto ilikuwa na kishimo alichokichonga yeye mwenyewe. Ugomvi aliukubali. Alikuwa akimtaka kaka yake ajipeleke polisi. Kuua alikataa. Daktari wa polisi aliandika mistari minne: mwanamume, mtu mzima, mifupa imekamilika, nyama imeliwa na chokaa. Akatia sahihi, akaenda likizo.

"Imekamilika," Inspekta alisoma kwa sauti. "Nani kahesabu?"

"Daktari."

"Daktari kahesabu, au daktari kaandika?"

Koplo alijikuna shingo. Lilikuwa jibu tosha.

Inspekta alitandaza karatasi nyeupe, akamwaga juu yake soksi ya kushoto. Ikatoka mifupa ya kisigino, ya kifundo, ile mirefu ya wayo, na ile ya vidole kama vipande vya chaki. Alihesabu kwa ncha ya kalamu. Ishirini na sita. Akamwaga ya kulia. Ishirini na sita.

"Basi imekamilika," alisema Koplo.

"Nisomee maelezo ya Fundi, pale anapoeleza kishimo."

Koplo alilamba kidole akafunua. "'Kaka yangu alikuwa akiumwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Daktari alimwambia kila mtu ana vifupa viwili vidogo kama punje pale chini ya kidole gumba, na kimoja chake kimeumia kwa kukimbia uwanjani. Nikamchongea kishimo kwenye soli ya ndani, ili punje zile zipate pa kukaa.'"

"Viwili kushoto, viwili kulia. Vinne. Nionyeshe."

Koplo aliinama mpaka pua ikakaribia kuwa kielelezo. Hakuona kitu.

"Vitakuwa vimepotea, Afande. Udongo wa shimo tuliupitisha kwenye chekecheke la mafundi ujenzi, la mchanga. Matundu yake hata njugu inapita na mwenzake."

"Soksi nazo mlizichekecha?"

"Za nini? Zilikuwa ndani ya kiatu, kamba zimefungwa mafundo mawili."

"Ingiza mkono."

Koplo aliingiza mkono kwenye soksi, akatanua vidole, akauinua mwangani. Nailoni haiozi kwa miezi tisa wala kwa miaka tisa. Hakukuwa na tundu hata la kupitisha sindano. Akafanya hivyohivyo kwa ya pili.

"Mguu ukiingia humu mzima ukaozea humu," Inspekta alisema, "kila kilichoingia nao kingekuwa humu mpaka leo. Sasa mbona mifupa mingine yote ya wayo ipo, na punje hazipo?"

Koplo alitoa mkono kwenye soksi polepole, kama aliyeguswa na kitu.

Goti la Inspekta likauma tena. Alilisugua, na alipokuwa akilisugua macho yake yakaangukia pia mbili za magoti ya Refa zilizokuwa pale mezani, kila moja kama kokoto bapa yenye ncha. Akazichukua. Akaziweka juu ya karatasi, upande laini chini, ncha zikielekea mbele. Moja ikalalia upande wa kulia. Ya pili nayo ikalalia kulia. Akazigeuza, akazibadilishana nafasi, akaziachia. Zote mbili kulia, kama abiria waliosinzia kwenye kona moja.

"Hii ina maana gani?" Koplo aliuliza.

"Sijui. Lakini namjua anayejua."

Alitia miguu, magoti na soksi kwenye kasha la karatasi, akatoka nalo.

Kwenye benchi la ukumbini alikuwa ameketi mama wa ndugu wale wawili, mfupi, msafi, bakuli la bati mapajani limefungwa kitambaa cha maua. Kwa wiki mbili alikuwa akija kila siku kumletea Fundi chakula. Kituo kilimpenda. Siku ya tatu tu aliona vumbi chini ya benchi, akaenda kuutoa ufagio nyuma ya mlango, akafagia ukumbi wote kabla mtu hajamkataza. Alisema mikono yake haijui kukaa na uchafu.

"Mzigo mzito, mwanangu?" alimuuliza Inspekta, akainuka kumfungulia mlango.

"Kazi tu, mama. Asante."

"Samahani nikuulize. Karakana bado mmeifunga? Kuna ndara za mjomba wao pale, nusu zimekwisha. Mtu mzima, anazisubiri."

"Kila kilichomo mle ni ushahidi kwa sasa, mama."

"Haya. Nilisema niulize tu. Kuuliza si ujinga."

Alirudi kukaa, akalipangusa bakuli ambalo halikuwa na vumbi.

*

Chuo cha afya kilikuwa mtaa wa pili. Chumba cha mifupa kilikuwa mwisho wa korido, na mwenye chumba alikuwa mzee mwembamba kuliko vifaa vyake, aliyewafundisha wauguzi mifupa kwa miaka arobaini. Wote walimwita Mwalimu. Pembeni ya dawati lake kilining'inia kiunzi kizima cha mifupa ya mtu kilichounganishwa kwa waya, chenye kofia.

"Huyo ndiye Mkuu wa Chuo," Mwalimu alisema. "Ndiye pekee hapa ambaye hajawahi kukosa kazi. Karibu, Afande. Umeniletea nini? Usiniambie zawadi."

Inspekta aliweka kasha mezani. Hakueleza kesi. Alimpa kwanza soksi na mifupa ya wayo. Mwalimu aliigusa mmoja mmoja, akaunusa wa kisigino, akausugua kwa kucha.

"Nani kaichemsha?"

"Inasemekana ni chokaa."

"Chokaa!" Alicheka bila kutoa sauti, mabega tu. "Chokaa ikila, hula kama mbuzi, huku na kule, inaacha mikwaruzo. Hii imechemshwa kwenye sufuria, ikaanikwa, ikashikwashikwa na vidole vya wanafunzi mpaka imekuwa na mafuta. Tazama inavyong'aa. Ni mifupa ya darasani hii."

"Na punje za chini ya kidole gumba?"

Mwalimu alimtazama kwa heshima mpya. "Eh! Kumbe umesoma. Wazee wa elimu hii walivipa jina la ufuta, kwa udogo. Mifupa mingine yote imeshikana na mwenzake, kama watu wa ukoo. Hivi havina ndugu. Vinazaliwa ndani ya kano, peke yake, mahali kano inapopinda kwenye kiungo na kusuguana. Kazi yake ni kuibeba kano isisagike. Sasa ukichemsha mguu, kano inayeyuka, na vyenyewe vinakwenda na maji. Mwenye kuchemsha anamwaga sufuria, hajui kamwaga nini. Katika maboksi yangu yote humu huwezi kupata hata kimoja."

"Kwa hiyo mguu huu haukuozea kwenye soksi."

"Mguu huu ulivishwa soksi, dada yangu. Kama mtoto anayepelekwa shule."

Inspekta akatoa pia za magoti, akaziweka juu ya dawati kama alivyofanya kituoni. Zote mbili zikalala kulia. Mwalimu alizitazama, akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hizi nazo ni ufuta," alisema, "ila ni ufuta ulioshiba. Pia ya goti nayo huzaliwa ndani ya kano. Ukiiweka hivi, huangukia upande wa mguu wake. Ya kulia, kulia. Ya kushoto, kushoto. Mtihani wa kwanza ninaowapa wanafunzi ndio huu."

"Basi marehemu wangu?"

"Ana magoti mawili ya kulia. Angetembea kwa kuzunguka."

Hakucheka safari hii. Alikwenda kwenye rafu, akashusha makopo mawili makubwa ya maziwa ya unga yaliyobandikwa karatasi: KUSHOTO, KULIA. Akayamimina kwenye sinia mbili, akahesabu akinong'ona. Kopo la kushoto lilikuwa na pia kumi na nne, kama daftari lake lilivyosema. La kulia lilikuwa na kumi na mbili. Kisha akafungua masanduku ya mbao, kila moja lenye mifupa ya mtu mmoja isipokuwa magoti, akayapekua moja baada ya jingine. Alipoinua uso ulikuwa umesawajika.

"Sanduku la tatu halina mtu," alisema. "Kichwa, mgongo, miguu, mikono. Mtu mzima mzima. Nalifungua mara moja kwa mwaka, kozi ikianza."

"Mwizi alichukua sanduku zima, akakumbuka kwamba magoti yanakaa mbali, kwenye makopo."

"Alijua yanakokaa. Lakini hakujua kusoma upande. Akatia mkono kwenye kopo moja akachukua mawili. Kwake yeye goti ni goti." Mwalimu alianza kurudisha pia kwenye kopo, moja moja. "Mwanafunzi wangu hawezi kufanya kosa hilo. Mwalimu hawezi. Na mtu wa nje asingejua hata kwamba kuna makopo."

"Funguo za humu anazo nani?"

"Mimi. Na..." Pia iliyobaki mkononi ikagonga ukingo wa kopo. "Na Bi Fagio. Alistaafu mwaka juzi, funguo hakurudisha, nami sikumdai. Utamdaije mtu aliyefagia chumba hiki miaka ishirini na miwili? Makopo haya ameyapangusa yeye kuliko mimi. Siku ya kuagwa kwake sisi ndio tulimpa zawadi, naye akanipa mimi hivi." Aliinua mguu. Kiatu kilikuwa cheusi, kizuri, mshono wake umenyooka kama mstari wa daftari. "Kazi ya mwanawe. Ana watoto wawili wa kiume, mmoja hupuliza filimbi, mwingine hushona viatu."

Inspekta alifunika kasha.

"Amenifanyia hivi mimi?" Mwalimu alimuuliza Mkuu wa Chuo, maana Inspekta alikuwa tayari mlangoni. "Chai tulikuwa tunakunywa kwenye kikombe kimoja."

*

Saa sita na nusu Fundi aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa na mikono mikubwa iliyokaa juu ya meza kama vitu vya mtu mwingine. Inspekta aliweka kiatu cha kushoto mbele yake. Koplo alisimama mlangoni.

"Soli hii umeitia lini?"

"Sikumbuki, Afande."

"Nilitaka kukusaidia. Nimemwonyesha fundi mwingine, akasema kazi yenyewe ni ya kubandika bandika. Ya mtu anayejifunza."

Fundi aliinua kichwa. "Fundi gani?"

"Yule wa sokoni."

"Yule anayeshona kwa uzi wa magunia?" Mikono ikapata uhai. Alikichukua kiatu, akakikunja, akakipiga kwa kidole. "Sikiliza sauti hiyo. Hii ni ngozi ya mgongo, si tumbo. Tazama mshono, umezama ndani, hausuguani na lami. Soli hii ina miezi sita na ushee na ingekaa miaka mi..."

"Sita na ushee," Inspekta alisema. "Kaka yako ana tisa tangu apotee."

Koplo alitazama dari. Fundi alirudisha kiatu mezani, akakisukuma kidogo, kama sahani ya mtu asiyetaka tena.

"Baba yako alikuwa akiandika tarehe, au alikuwa akibahatisha?" aliuliza Inspekta.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Kila fundi ana wateja waongo."

Fundi karibu atabasamu. "Aliandika chini ya soli ya ndani, kwa penseli, nami naandika vilevile. Mteja akija kusema soli haikumaliza mwezi, unaifunua unamwonyesha. Hata mama hakuambiwa. Baba alisema ukimwambia mke, mtaa umejua kabla uji haujachemka."

Inspekta alimpa rula. Fundi alisita, kisha akaipenyeza chini ya soli ya ndani, pale penye kishimo, akaifunua. Namba zilikuwepo, ndogo, za mkono wake: 28/5.

"Vilikuwa kwako tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili. Soli iliachia, akaniachia, akasema atavifuata. Hakuvifuata. Mwezi wa tano nikavishusha kwenye rafu nikavitengeneza. Nilisema siku akirudi, avikute tayari." Alirudisha soli ya ndani mahali pake. "Mama akaviona. Akasema anataka kuviweka chini ya kitanda chake, akiamka avione. Nikampa."

"Kwa nini hukusema haya?"

"Kwa sababu mlivikuta shimoni! Nilidhani kaka alirudi kwa siri, mama akamficha, akampa viatu vyake, halafu huko nje mtu akamvizia. Ningesema mama ndiye alikuwa navyo, mngemfunga kwa kumficha. Ana miaka sitini na nane, Afande. Mimi naweza kulala chini. Yeye hawezi."

Inspekta alitoa karatasi kwenye jalada, akaigeuza imwelekee.

"Hujawahi kusomewa haya. Soma mwenyewe."

Fundi alisoma taratibu, kidole chini ya mstari. Alifika kwenye *asubuhi ya tarehe nne mwezi wa tatu*. Alifika kwenye *viatu hivyohivyo mguuni*. Alifika kwenye *nikawasikia wakigombana, na mdogo alikuwa na kisu cha ngozi*. Kidole kikaganda hapo. Kisha kikashuka mpaka kwenye sahihi na kukaa juu yake kwa muda mrefu.

"Kisu nilikuwa nacho," alisema hatimaye. "Mimi ni fundi viatu. Nilikuwa nacho kila siku."

"Mifupa ile si ya kaka yako. Imetoka chuoni, kwenye chumba alichokuwa akifagia mama. Tulikuwa tunamsaka Refa. Tukimkuta amekufa, tunaacha kumsaka."

"Labda alidhani mtasema ameuawa na mwizi."

"Labda. Mwanzoni. Halafu tukakukamata wewe. Alikuwa na wiki mbili za kuja kusema hapana." Inspekta aligonga karatasi kwa kalamu. "Maelezo haya aliyatoa siku ya pili."

Ukumbini ufagio ulisikika, taratibu, shwa, shwa. Koplo alifunga mlango vizuri zaidi.

"Ameniulizia karakana tena leo," Inspekta alisema. "Kuna ndara za mjomba wenu."

"Ndiyo. Aliniagiza kabla ya haya." Fundi bado alitazama sahihi. "Alisema nitumie kalibu la kaka, ule mti wa umbo la mguu wake, mjomba ana mguu uleule. Na nimchongee..."

Alinyanyua uso.

"Umchongee nini?"

"Kishimo. Kushoto. Chini ya kidole gumba."

"Mjomba wenu hukimbia uwanjani?"

"Mjomba hakimbii hata mvua."

"Basi kuna mguu mahali fulani unaouma," Inspekta alisema.

Alitazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro robo. Alifunga jalada, akalikalia kama mtu aliyekalia gazeti.

"Naweza kumwita sasa hivi, nikamuuliza Refa yuko wapi. Atalia. Pengine atazimia. Je, atasema?"

Fundi alifikiri, kwa haki. "Hatasema. Hata akifa. Hatasema."

"Basi."

Ufagio nje ulikuwa umefika karibu na mlango, ukagonga kizingiti, ukarudi.

"Ndara zile zimebaki kamba," Fundi alisema, "na kile kishimo. Nusu saa. Nipeni kisu changu."

*

Inspekta alitoka peke yake kwanza. Mama alikuwa ameweka ufagio mahali pake na kurudi kwenye benchi. Bakuli lilikuwa mapajani.

"Mama, ushahidi tulionao hautoshi. Mwanao anakwenda nyumbani."

Vidole vya mama vilikuwa juu ya fundo la kitambaa. Vikatulia hapo.

"Anakwenda nyumbani," alirudia.

"Leo hii."

"Na karakana mtaifungua?"

"Tunakwenda kuifungua sasa."

Mama alishusha pumzi ndefu, kifua chote kikashuka. "Afadhali," alisema. "Basi atazimalizia zile ndara."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya Inspekta, akishikilia suruali kwa mkono kwa kuwa mkanda hajarudishiwa. Mama alimwona. Ndipo akainuka, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akasema amekonda, macho yameingia ndani, wamemlisha nini watu hawa. Akalia kweli. Inspekta, ambaye alikuwa amewaona waliaji wengi wa uongo, aliyajua machozi yale kuwa ya kweli, na jambo hilo ndilo lililomfanya ageuze uso.

"Kula basi, mwanangu. Bado cha moto."

"Nitakula karakana, mama."

Koplo alifungua kufuli la karakana, akabandua utepe wa polisi mlangoni, akaaga kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Fundi alikaa kwenye kigoda chake. Alishona kamba ya kulia, akashona ya kushoto. Mama alisimama kando, mkono begani kwake, akitazama.

"Kishimo usisahau," alisema.

"Sijasahau, mama."

Aliipindua soli ya ndani, akapima kwa kidole chake mwenyewe, akakata. Kisu kilizunguka mara tatu. Hakuharakisha, hakuchafua. Alikilainisha kishimo kwa kitambaa mpaka kikawa kama kiganja cha mtoto, pa kukaa punje mbili tu. Kisha akachukua penseli kwenye meza ya ngozi, na mama alipogeuka kutazama nje kama jua bado liko juu, akaandika tarehe ya siku ile. Akapaka gundi, akabandika juu yake, akabana, akahesabu mpaka sitini.

"Mjomba atakuombea," mama alisema.

"Msalimie."

Mama hakuwa na kitu cha kufungia. Akafungua kile kitambaa cha maua kwenye bakuli, akazifunga ndara ndani yake, akazikumbatia. Alimbusu Fundi utosini, akashika njia, miguu myepesi kuliko umri wake. Upande wa pili wa barabara, kwenye kibanda cha chai, mwanamume mwenye tumbo na shati la kawaida aliacha kikombe chake nusu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akamfuata kwa mbali.

Fundi alibaki na bakuli lililo wazi juu ya meza ya ngozi. Alilitazama mpaka mvuke ukapungua. Halafu akala, kwa sababu hakuwa amekula tangu jana. Chumvi ilikuwa imekaa sawasawa. Mama hakuwahi kukosea chumvi yake.